Mpira Humrudia Mgeni

Nyinyi vijana wa kiwanja cha Gede mna swali moja ambalo hamchoki kuniuliza, nami kila mkiliuliza nawapa jibu jipya. Mnataka kujua kama tenisi ya Wamarekani imekufa au inapanda. Juzi nilisema imekufa. Kabla ya hapo nilisema inajaa kama maji ya bamvua. Mmoja wenu, yule mrefu apendaye ubishi, aliniambia nichague moja nisimame nalo. Sikuweza. Nimeona heri niandike nikiwa nimekaa, kwa sababu nikisimama uwanjani na raketi mkononi hasira hunipanda upesi na maneno yananitoka shaghalabaghala.

Sidi ni mimi, mnayemwita hawe, kama sisi Wagiriama tumwitavyo bibi, ingawa wajukuu wangu wa damu miongoni mwenu hawapo tena. Alikuwapo mmoja, Kadzo, na habari yenyewe ni yake. Lakini siwezi kumfikia Kadzo bila kupita hotelini.

Nilianza kazi Malindi katika chumba cha kufulia, katika hoteli moja ya pwani ambayo sasa imebaki ukuta na majani. Kazi yangu ilikuwa kukunja mashuka. Siku moja meneja aliingia mbiombio akauliza ni nani kati yetu awezaye kukimbia. Wenzangu wote wakaninyooshea kidole, maana wiki ileile tumbili aliiba foronya kwenye kamba nami nikamfukuza mpaka ufukweni nikairudisha. Kumbe kulikuwa na mgeni wa Kiitaliano, mwanamke, aliyetaka kucheza tenisi, na mumewe hakutaka acheze na wanaume wa hoteli. Nikavuliwa aproni, nikapewa raketi. Hivyo ndivyo nilivyopata kuwa maka. Maka ni mtu wa kuajiriwa wa kucheza na wageni. Kazi hiyo siku hizi haipo huku kwetu, ndiyo sababu mnacheka nikilitaja neno lenyewe.

Maka mkuu alikuwa Mzee Athumani, mtu wa Malindi mjini, kaptura nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, kofia ya viua haimtoki kichwani hata akiruka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa ufagio. Nilidhani ananidharau. Mwezi mzima wa kwanza sikugusa mpira ila wakati wa mgeni wangu. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo wa kichuguu, umepondwa na kuchekechwa, na udongo huo una maringo. Usipoumwagia maji kabla jua halijapanda unapasuka. Ukiyazidisha, mgeni anateleza anavunjika kiuno na wewe unavunjika kazi. Mzee Athumani aliupima kwa kisigino tu. Alikanyaga, akageuza mguu, akatazama alama, kisha akasema bado au tayari. Nilijifunza nami, na mpaka leo nikipita mahali penye udongo mwekundu kisigino changu hujigeuza chenyewe.

Sasa kosa langu la kwanza. Yule sinyora wangu wa Kiitaliano alipiga mpira dhaifu, nikaona upande wa kushoto mtupu, nikautia huko. Akapiga makofi. Nikafanya tena, akatabasamu. Nikafanya mara ya tatu, hakutabasamu. Alikwenda kunywa maji na hakurudi. Nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja najiona bingwa, mpaka Mzee Athumani aliponiita kivulini.

"Binti yangu," alisema, "mgeni hakupanda ndege kuja kushindwa. Kushindwa ameshashindwa kwao. Hapa mpira humrudia yeye. Ukiuona upande mtupu, ujue si wako."

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa, na niliyashika miaka yangu yote ya kazi. Msidhani kurudisha ni kazi nyepesi. Unaupeleka mpira upande wa mkono wake wenye nguvu, uinuke kufika kiunoni, na uwe mbali naye kidogo ili ajione amekimbia. Mgeni mnene humpi mipira miwili mfululizo ya mbele. Mgeni aliyegombana na mkewe asubuhi unamwinulia juu aupige kwa hasira zake, naye akimaliza anakushukuru kama daktari. Na mara mojamoja lazima ukosee, tena ukosee kwa heshima, mpira uguse neti kidogo tu, nawe utikise kichwa kwa masikitiko. Mzee Athumani alijua kutikisa kichwa. Kuna tabibu wa Milano aliyerudi kwao akiapa kwamba amemshinda bingwa wa Pwani nzima. Mzee alipopata habari hizo alifurahi kikweli. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, naye akaniuliza nakasirikia nini, mgeni si atarudi mwakani.

Alirudi kweli, na wengine wengi, halafu mwaka baada ya mwaka wakapungua, hoteli ikafungwa. Mzee Athumani Mungu amrehemu. Mimi nikaja zangu Gede na raketi kuukuu, mwalimu mkuu wa shule akaniruhusu kutumia kile kiwanja cha saruji cha nyuma, na mkaanza kuja mmojammoja. Kadzo alikuwa wa kwanza. Ni mtoto wa binti yangu, nimemlea mimi tangu anatambaa, na raketi aliishika kabla ya kalamu.

Mlimwona akicheza, sina haja ya kumsifu. Mpira kwake haukufa. Watu waliotoka sokoni walisimama na vikapu vyao kichwani kuwatazama yeye na mwenzake, mpira ukienda ukirudi, mpaka mmoja wao akauliza huu mchezo unaishaje. Nilimwambia hajui tenisi. Nilikuwa na majivuno, nakubali. Niliona kiwanja kizuri kuliko kile cha hotelini ndicho hiki changu, kwa kuwa hapa hakuna mtoto aliyetoka akilia.

Kadzo alipomaliza kidato cha nne alitaka kusomea tiba ya viungo, na akagundua kwamba vyuo vya Marekani huwachukua vijana wa nchi za nje wanaocheza tenisi, wakasomeshwa huku wakikichezea chuo. Alijirekodi akatuma. Vyuo vingi havikujibu. Kimoja kikajibu, na mwalimu wao wa tenisi akapiga simu ya picha. Alikuwa mzee kiasi changu, kofia ya jua machoni, anasema polepole kama anayehesabu maneno. Kadzo aliiweka simu mbali ili nami nionekane, akanitafsiria.

Alisema mikono ya Kadzo ni mizuri kuliko ya wengi alio nao. Nikamwambia Kadzo amwambie asante. Kisha akasema ameutazama mchezo wote aliotumiwa na kuna jambo limemtatiza.

"Hajamaliza mpira hata mmoja," Kadzo alinitafsiria, na sauti yake ilikuwa inapungua. "Anasema kila upande ukiwa wazi mimi nampigia mwenzangu palepale aliposimama. Anauliza kwa nini."

Nilimwangalia Kadzo, naye akaniangalia. Hakuna aliyekuwa amewahi kutuuliza hivyo. Nilitaka kusema ni adabu, lakini wakati uleule nilimsikia Mzee Athumani kivulini na nikafahamu nilichokifanya. Nilikuwa nimefundisha kiwanja kizima cha watoto kuwa maka. Nyote. Hakuna hata mmoja wenu niliyemfundisha tenisi. Niliwafundisha kazi yangu.

Yule mwalimu hakuwa mkali. Alisema nafasi iliyobaki ni moja, kuna msichana mwingine wa nchi nyingine anayeitaka, na kwamba atangoja kuona mchezo mwingine ambao Kadzo anamaliza mipira yake. Asipouona atampa yule mwingine. Simu ilipokatika Kadzo hakunilaumu. Ingekuwa nafuu angenilaumu. Aliingia kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Ndipo nilipoanza kuwatazama Wamarekani. Nilijiambia mtoto anataka kwenda kwao, basi nijue wao wanachezaje, nimfundishe hivyo. Nilikaa na simu ya Kadzo mpaka macho yakawa mekundu, na sikuwahi kuchanganyikiwa hivyo tangu nizaliwe.

Kwanza nilidhani nimekosea mchezo. Mtu anapiga mpira wa kuanzia, mwenzake anaurudisha kwa shida, wa tatu umekwisha. Sijaweka hata kikombe midomoni. Vijana wao warefu kama minazi wanapiga ule wa kuanzia kwa nguvu mpaka mpinzani anageuka tu kuchukua mpira mwingine. Nikasema hawa ndio wenye dunia. Halafu wachambuzi wakaanza kulia. Wanaume wa Marekani, walisema, wana miaka mingi hawajabeba kombe moja kubwa. Wako wengi katika wale wa juu, wengi kuliko karibu nchi yoyote, lakini ikifika siku ya mwisho kombe linabebwa na mtu wa kwingine. Nikauliza, sasa hao ni wazima au wagonjwa? Kadzo akasema inategemea. Jibu gani hilo.

Nikawatazama wanawake. Huko nikakuta furaha. Makombe yapo, na wasichana wanaopanda wako tele, mwingine bado ana uso wa mtoto wa shule lakini anampiga mkubwa wake bila kupepesa. Tena nilikuwa nimeambiwa zamani na Waitaliano wetu kwamba Mmarekani kwenye udongo mwekundu ni ndama kwenye sakafu yenye maji. Nilingoja nicheke. Binti wao akashinda kwenye udongo huohuo, ameteleza vizuri kuliko Waitaliano wenyewe. Nilifunga simu kwa hasira.

Na majina yao je? Mtangazaji anasema huyu ni Mmarekani, jina ni la Kirusi. Huyu Mmarekani, jina la Kiitaliano, nikadhani mjukuu wa mgeni wangu. Huyu baba yake alihamia kutoka Afrika, huyu mama yake katoka Asia. Vyuoni mwao timu zimejaa vijana wa kila bara, na watu wengine huko wananung'unika kwamba wenyeji wananyimwa nafasi, na wengine wanasema hapana, hao wageni ndio wanaowanoa wenyeji mpaka wanapanda. Zamani, walisema, aliyepitia chuo alionekana amechelewa. Siku hizi wanatoka chuoni watu wazima, wana shahada mkononi, na wanawapiga walioanza kulipwa wakiwa watoto. Kila nilipodhani nimeshika mkia wa jambo hili, mkia ulikuwa wa mnyama mwingine.

Kitu kimoja tu niliona wazi. Wote hao, wa jina lolote, wakiona upande mtupu wanautia mpira huko, na uso haubadiliki.

Basi tukaanza kumtafutia Kadzo mtu wa kucheza naye, tuurekodi mchezo mwingine. Mnakumbuka, maana ilikuwa ni nyinyi. Nilimweka yule mrefu upande wa pili, nikawaambia wamalize. Walianza kwa ukali, wakapiga wa kwanza na wa pili, halafu miili ikakumbuka mafunzo yangu. Mpira ukaenda ukarudi mpaka simu ikazimika. Nikamweka mwingine, ikawa vilevile. Hapa Gede hakuna aliyebaki ambaye sikumharibu.

Nikaingia mwenyewe.

Nilivaa viatu vya hoteli, ambavyo soli zake zinacheka, nikafunga leso kiunoni. Kadzo alisema hapana. Nilimwambia anikimbize. Akaanza, lakini kila mpira ulikuja mkononi mwangu, laini, kiunoni, mbali kidogo nijione nimekimbia. Alikuwa ananifanyia mimi kile nilichowafanyia wageni. Mnajua hiyo inaumaje? Nilikuwa sijui. Miaka yote ile sikuwahi kusimama upande wa pili. Niliona huruma iliyomo ndani yake na nikaona pia dharau iliyomo, vyote katika mpira mmoja, na sikuweza kuvitenganisha.

Hapo hasira ikanipanda kweli. Mpira wake mwingine ulipokuja nikaukata, nikautia pale alipokuwa hayupo. Alisimama ameduwaa. Nikaanzisha mwingine, nikautia kona ya pili. Niligundua najua. Mkono ulijua siku zote, ulikuwa umekatazwa tu. Nilimpiga mtoto wangu mipira hata akaanza kuhema, na nyinyi mlioshika simu mkaendelea kurekodi. Nilimwambia kitu ambacho Mzee Athumani angenifukuzia kazi.

"Usinihurumie. Mimi sikulipi."

Alinikazia macho. Halafu ukaja mpira mfupi, mimi niko kulia, kushoto kote kweupe, na Kadzo akaupiga huko. Niliukimbilia. Nilijua siupati na niliukimbilia. Magoti yangu yaligusa saruji na mpira ukagonga ukuta wa shule nyuma yangu kwa mlio ambao bado nausikia. Mmoja wenu alikuja kuniinua nikamfukuza. Tukaendelea. Alinimaliza mara nyingi mchana ule, hata nikakaa chini mwenyewe, na damu ya goti ikaingia kwenye soksi. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na uchungu, na sikujua lipi nilipe nafasi.

Mchezo huo ndio uliotumwa. Nafasi aliipata. Tulimsindikiza, mlikuwepo, sitaki kuyarudia maana niliaibika mbele ya watu.

Sasa hii ndiyo sehemu ambayo hamuijui, na ndiyo iliyonifanya nishindwe kuwajibu swali lenu.

Chuoni kwake kuna binti wa Kimarekani aliyewahi kusoma hapo kisha akaingia mashindano ya kulipwa. Ni mmoja wa hao wanaopanda, ambao watangazaji wanawawekea nchi nzima mabegani. Akishindwa huko anakorandaranda hurudi kwa mwalimu wake wa zamani kufanya mazoezi, na akirudi anataka mtu wa kumpigia mipira. Wasichana wa timu wanamwogopa, au wanataka kumwonyesha ubabe, hakuna anayempa mpira wa kufaa. Siku moja wakamweka Kadzo. Tangu siku hiyo hataki mwingine. Kila asubuhi anamwita.

Kadzo alinisimulia kwa simu, kwao asubuhi imekwisha na kwetu usiku umeingia, akiwa na furaha. Mimi moyo ulianguka. Nilimwona amevuka bahari yote ile, amepita majaribio yote yale, na amekwenda kuwa maka. Nilimuuliza anampigiaje. Akasema kiunoni, upande wenye nguvu, mbali kidogo.

"Lakini leo tumecheza kwa kuhesabu, hawe," alisema. "Upande ulikuwa wazi kabisa, na nikamrudishia. Akasimamisha mchezo. Akaja mpaka kwenye neti akaniuliza kwa nini nimefanya vile. Nikamwambia wewe ni mtu mkubwa. Akasema huko nje hakuna anayemrudishia, ndiyo maana anashindwa, na kwamba nikimfanyia tena hivyo atatafuta mtu mwingine."

"Alikasirika?"

"Alikuwa karibu kulia. Kesho ananingoja. Nifanyeje?"

Niwaambieni ukweli, sikujua. Mtu mzima, nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na sikujua. Nilisema neno la kwanza lililokuja, bila kulipima kwa kisigino.

"Huko wewe ndiwe mgeni, Kadzo. Mpige."

Kesho yake alinitumia kipande kifupi. Yule binti anapiga kwa nguvu zote, Kadzo anaurudisha, wa pili anaurudisha, halafu upande unafunguka na Kadzo anautia huko, chini, mbali, bila kubadilika uso. Yule binti anaukimbilia na haupati. Anabaki amejishika magoti, mabega yanapanda na kushuka, peke yake kwenye kona ile.

Nilikuwa nimekaa hapa mlangoni. Miaka yote ile nilikuwa nimengoja kumwona mtu wa kwetu akiutia mpira pale. Na nilipoona, mdomo wangu ulifunguka wenyewe, nikaielekea simu nikamwambia yule mtoto wa Kimarekani pole.